Maneno ya Mgonjwa: Matini, Sinema na Ufundishaji wa Anthropolojia ya Tiba katika Afrika ya Mashariki

Anthropolojia ya tiba, yaani uchunguzi wa namna jamii mbalimbali zinavyoutambua ugonjwa, zinavyoupa jina na kuutafutia dawa, aghalabu huelezwa kuwa ni somo lililozaliwa katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani, na likapata jina lake baada ya Vita Vikuu vya Pili. Mwanafunzi huanzishwa kwa kitabu cha Evans-Pritchard juu ya Waazande, kilichotoka mwaka 1937, kisha hupelekwa kwa Victor Turner na Wandembu wake, na baadaye kwa Janzen aliyeandika mwaka 1978 juu ya safari za wagonjwa na jamaa zao katika Zaire ya Chini. Vitabu hivi ni vyema na haviwezi kuachwa. Lakini historia hiyo, ikitazamwa kwa jicho la mtaalamu wa lugha, ina upungufu mkubwa: haimtaji mtu aliyeandika habari za maradhi na uganga kwa lugha ya wagonjwa wenyewe, tena miaka thelathini na zaidi kabla ya Evans-Pritchard.

Mtu huyo ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda karibu na Bagamoyo. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Chuo cha Lugha za Mashariki, na huko maandishi yake, pamoja na ya wenzake wachache, yakakusanywa na Carl Velten na kupigwa chapa mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli. Mwaka huohuo ikatoka tafsiri ya Kijerumani. Velten, aliyepata kuwa mkalimani wa serikali ya Wajerumani huko Dar es Salaam, ndiye ambaye jina lake lilisomwa kwa muda mrefu kuwa ni la mwenye kitabu. Mtoro alihesabiwa kuwa mtoa habari tu. Sharti ikumbukwe pia kwamba mwaka 1905, alipotaka kurudi kwao pamoja na mkewe Mjerumani, wakuu wa koloni walimzuia kushuka pwani, akarejea Ujerumani na kufia Berlin mwaka 1927. Tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilitoka mwaka 1981.

Ubora wa matini haya kwa somo la tiba ni kwamba hayatenganishi mambo ambayo mgeni angeyatenganisha. Mimba na uzazi, malezi, pepo na ngoma zao, kupiga bao, uganga, uchawi, na mazishi, yote yamo katika mkondo mmoja wa maisha. Mwandishi hana haja ya kumshangaza msomaji. Anaeleza nani huitwa, nini hutolewa, nani hulipa, na maneno gani husemwa, kama mtu anayeeleza jinsi chombo kinavyopakiwa bandarini. Hata pale anapoonyesha kutilia shaka jambo, shaka yake ni ya Mwislamu wa Mrima aliyesoma, si ya daktari wa Ulaya. Msomaji anajifunza, bila kuambiwa, kwamba shaka nayo ina kwao.

Jambo kama hilo laonekana katika Facing Mount Kenya, kitabu alichokitoa Jomo Kenyatta mwaka 1938 baada ya kusoma kwa Malinowski huko London. Sura yake ya uganga na dawa inapata nguvu kwa sababu mwandishi anasema kuwa aliwahi kumchukulia babu yake mfuko wa vifaa vya uganga. Kikuyu kinamtenga mũndũ mũgo na mũrogi, kama Kiswahili kinavyomtenga mganga na mchawi. Mmoja hutibu, mwingine hudhuru, na kumwita mganga mchawi ni tusi la kumpeleka mtu barazani. Kiingereza cha wakati huo kiliwatia wote wawili katika neno moja, na neno hilo likaenea katika riwaya, katika ripoti za serikali, na zaidi ya yote katika sinema. Ni kichekesho cha historia kwamba Kenyatta huyohuyo alionekana, katika kazi ndogo ya kujaza watu, katika filamu ya Sanders of the River ya mwaka 1935, filamu iliyomchora Mwafrika kwa namna ambayo kitabu chake kilikuja kuipinga.

Mwaka huo wa 1935 una maana nyingine kwa makala haya. Mwezi Machi lilianza huko Vugiri, katika milima ya Usambara, jaribio la kutengeneza sinema za mafunzo kwa ajili ya Waafrika. Fedha zilitoka hasa kwa Shirika la Carnegie la New York, na waongozi walikuwa Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham. Hawakuwa wa kwanza kulifikiria jambo hili. Julian Huxley alikuwa amekwisha kuzunguka Afrika ya Mashariki mwaka 1929 akionyesha filamu na kupima jinsi zinavyopokewa, na habari hizo akaziandika katika kitabu chake cha mwaka 1931. Lakini watu wa Vugiri ndio waliojaribu kutengeneza filamu hapahapa, wakiwatumia wenyeji kuwa waigizaji. Hadi jaribio lilipokoma mwaka 1937, kwa kuwa serikali za makoloni hazikutaka kuendelea kuligharimia, zilikuwa zimetengenezwa filamu thelathini na kitu. Nyingi zilihusu kilimo, masoko, kodi na akiba. Chache zilihusu afya, miongoni mwake ikiwamo moja ya malaria ya watoto wachanga na moja ya safura.

Picha zenyewe zilikuwa bubu. Sauti iliwekwa katika sahani za santuri zilizochezwa sambamba na picha, ili filamu moja iweze kusemeshwa kwa Kiswahili hapa, na kwa lugha nyingine kule. Ufundi huu ulikuwa wa werevu na wa bei nafuu. Lakini utazamwe vizuri: picha ni moja, imekwisha kukatwa na kupangwa, na lugha inavalishwa baadaye kama kanzu. Lugha haina nafasi ya kuibadilisha picha. Mtoro, kinyume chake, hakuwa na picha ila ile iliyojengwa na lugha yenyewe. Tofauti hii, na wala si tofauti ya karatasi na utepe, ndiyo iliyozigawa njia mbili za kufundisha habari za ugonjwa katika nchi zetu.

Mfano wa safura watosha kuonyesha jambo hili. Kwa madaktari, safura ni minyoo midogo ambayo watoto wake, wakiwa katika udongo wenye kinyesi, hupenya ngozi ya miguu mitupu, hufika matumboni na kufyonza damu. Basi dawa ya kudumu ni choo. Hayo ni kweli, na picha inaweza kuyaonyesha. Lakini neno safura halikuzaliwa kwa mnyoo. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya rangi ya manjano na ya nyongo, nalo liliingia pwani pamoja na elimu ya kale ya tabia nne za mwili, ile iliyotuachia pia neno balghamu. Kwa Mswahili wa zamani safura ilikuwa hali ya mtu mzima mzima: kupauka, kuvimba, kukosa nguvu, na kutamani kula udongo. Mgonjwa aliijua safura kwa sura na kwa tamaa yake, si kwa kitu kilichomo ndani. Hivyo filamu ilipolichukua neno hilo na kulitia juu ya picha ya mnyoo, haikutafsiri, ilihamisha maana. Mtazamaji aliyeondoka akiamini kwamba ameonyeshwa ugonjwa mwingine, wenye jina linalofanana na ule aujuao, hakuwa mjinga. Alikuwa msikivu kuliko wenye mtambo.

Hapa ndipo penye ile hadithi mashuhuri ya mdudu mkubwa. Yasimuliwa kwamba wanakijiji walipoonyeshwa mbu aliyekuzwa mpaka akajaza kitambaa, walisema kuwa hawana haja ya kuogopa, maana kwao hakuna mbu wakubwa hivyo. Hadithi hii imesimuliwa katika nchi nyingi, mara ya mbu, mara ya inzi, mara ya chawa, na msimulizi karibu kila mara ni ofisa aliyeisikia kwa mwenzake. Ilitumika kuunga mkono nadharia ya William Sellers, aliyeanza na filamu za afya huko Nigeria na baadaye kukiongoza Kitengo cha Filamu cha Makoloni kilichodumu kuanzia 1939 hadi 1955, kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha ila ziwe za polepole na zisizo na ujanja wa kamera. Mwanahistoria James Burns amezichambua simulizi za namna hii na kuonyesha jinsi zilivyojengwa juu ya dhana za wasimulizi. La kuongezwa na mtu wa lugha ni kwamba hata kama jibu lile lilipata kutolewa mahali fulani, bado halijafasiriwa. Katika mazungumzo ya watu wetu, kumwambia mgeni kwamba mbu wake ni mkubwa mno kwaweza kuwa utani. Kwaweza pia kuwa njia ya adabu ya kukataa somo bila kumvunjia heshima mwalimu. Aliyeliandika jibu bila kuandika kicheko kilichofuata ameandika nusu ya maneno.

Filamu za wanaanthropolojia wenyewe hazikuepukana na tatizo hili. Les Maîtres fous ya Jean Rouch, iliyopigwa Accra mwaka 1954 na kuonyeshwa mwaka uliofuata, ni mojawapo ya filamu zinazofundishwa sana kuhusu pepo na tiba. Mwishoni Rouch anadokeza kwamba huenda watu wale wa Hauka wanajua dawa fulani ya maradhi ya akili ambayo wengine hawajaijua. Ni wazo zito. Hata hivyo linafika masikioni kwa sauti ya Rouch na kwa Kifaransa. Wagonjwa na waganga wanaonekana wakitokwa na povu, lakini maneno yao yamefunikwa. Walioikasirikia filamu ilipoonyeshwa Paris, Waafrika na Wafaransa pia, hawakukosa sababu.

Kwa hiyo ilikuwa hatua kubwa Arusi ya Mariamu ilipotoka mwaka 1985. Filamu hii fupi ya Kiswahili, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill nchini Tanzania, yamhusu mwanamke ambaye hospitali zimemshindwa na ambaye anamwogopa mganga kwa sababu ya yaliyompata utotoni. Ndani yake hakuna sauti kutoka juu inayomfafanulia mtazamaji. Hofu ya Mariamu inasemwa na Mariamu. Uganga haupingwi wala hautukuzwi; unawekwa mahali pake, yaani kati ya mume na mke, kati ya kumbukumbu na mwili. Martin Mhando na Mulvihill waliendelea na njia hiyo katika Maangamizi ya mwaka 2001, ambamo daktari kutoka Marekani anakutana, katika hospitali ya wagonjwa wa akili nchini Tanzania, na Samehe, mwanamke aliyenyamaza. Amandina Lihamba ndiye anayemwigiza. Kazi hii ya pili ni ndefu na yenye fahari zaidi, na pengine kwa sababu hiyo yafaa kidogo kuliko ya kwanza darasani: yataka kusema mengi juu ya Afrika na watoto wake wa ng'ambo, na katikati ya hayo ugonjwa hugeuka kuwa mfano wa jambo jingine.

Kwamba mambo haya si anasa ya wasomi kulidhihirika Bagamoyo, katika nchi ileile ya Mtoro. Mwaka 1996 zilichapishwa tafiti za Winch, Makemba na wenzao juu ya majina ya homa katika wilaya hiyo. Kwa muda mrefu wananchi walikuwa wamefundishwa kwamba malaria huletwa na mbu, na walikuwa wamelipokea somo. Waliamini kuwa ipo homa ya malaria, iletwayo na mbu, ambayo hutibiwa kwa dawa za hospitali. Lakini mtoto alipokakamaa, macho yakageuka na mwili ukatupwa-tupwa, hiyo haikuwa homa ya malaria. Hiyo ilikuwa degedege, yenye asili nyingine, na watu wengi walishika kwamba mtoto mwenye degedege apigwapo sindano hufa. Basi alipelekwa kwanza kwa mganga, ilhali kwa daktari huenda ile ndiyo malaria yenyewe katika hatua iliyo kali kabisa, na kila saa inayopotea ina hesabu yake.

Wala haiwezi kusemwa kwamba akina mama hao hawakuelimishwa. Walielimishwa neno moja, na neno hilo likachukua nafasi yake sawasawa katika kamusi yao, kando ya degedege, bila kuligusa. Stacey Langwick, katika kitabu chake cha mwaka 2011 juu ya tiba kusini mwa Tanzania, ameonyesha pia kwamba kulitafsiri neno degedege kwa malaria si kazi ya kubadilisha jina tu. Wauguzi na waganga, kila mmoja kwa vitendo vyake, humfanya mtoto yuleyule kuwa mgonjwa wa jambo jingine.

Baadaye mafunzo ya afya nchini Tanzania yalianza kulitaja neno degedege lenyewe, na kulihesabu miongoni mwa dalili za hatari za malaria kali, ili mama alisikie kwa jina analolijua na aende hospitali mapema. Toka filamu ya Vugiri juu ya malaria ya watoto wachanga ilikuwa imepita miaka sitini au zaidi. Neno lenyewe lilikuwapo pwani muda wote huo, likisemwa kila usiku mtoto alipogeuza macho.