Pengo la Tarehe 7 Februari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii nimeiandika ubaoni mara nyingi katika maisha yangu ya ualimu, nikidhani ni habari ya wenye maduka. Sasa nimestaafu, niko Buswelu kati ya mawe na migomba yangu, na nimetambua kwamba inamhusu hata mwalimu wa historia.

Vijana hushangaa nikiwaambia kwamba Tanzania Bara haikuwa na kituo chake cha televisheni hadi mwaka 1994. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu 1973. Huku Bara, Serikali iliona ni anasa kwa nchi maskini, na redio ndiyo iliyokuwa mwalimu wetu sote. Kwa hiyo sisi tuliozeeka na redio, televisheni ilipofika tuliitazama kama mgeni ambaye huenda kesho asirudi. Ndiyo maana mimi na marehemu mke wangu, mwalimu mwenzangu, tulipopata mashine ya kurekodi DVD, tulirekodi kila tulichoona kina uzito.

Kubwa kuliko yote lilikuwa sakata la Richmond. Msomaji atakumbuka kwamba mwaka 2006 ukame ulipunguza maji kwenye mabwawa ya umeme, na nchi ikaingia katika mgao mkali. Kampuni ya Richmond ikapewa mkataba wa kuleta mitambo ya dharura ya megawati 100, lakini ikashindwa kuutimiza. Bunge liliunda Kamati Teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, na taarifa yake ikasomwa Dodoma tarehe 6 Februari 2008. Kesho yake Waziri Mkuu, Edward Lowassa, alisimama bungeni akalalamika kwamba Kamati haikumpa nafasi ya kumsikiliza, akatangaza kwamba amemwandikia Rais barua ya kuomba kujiuzulu. Baraza la Mawaziri likavunjwa, na Mizengo Pinda akashika nafasi yake.

Siku hizo mbili nilikuwa shuleni. Mke wangu alibaki nyumbani na rimoti mkononi.

Mwaka jana niliamua kuzihariri DVD zile ili wajukuu wapate kitu kifupi cha kutazama. Kompyuta yangu ni kuukuu, bado inatumia Windows XP, na ikifanya kazi ngumu hunguruma kama mashine ya kusaga. Kwanza nilijifunza jinsi picha zinavyohifadhiwa. Kila sekunde ina picha 25, lakini si zote zilizo kamili. Moja huandikwa yote, kisha kumi na kitu zinazofuata huandikwa mabadiliko tu. Ni kama mwalimu mvivu anayejaza daftari la mahudhurio: mstari wa kwanza anaandika kila kitu, mistari inayofuata anaandika "kama juu". Ukikata penye picha kamili, kazi ni ya dakika chache na ubora haupungui. Ukikata katikati, kompyuta hulazimika kuziandika picha upya, na ukiiamuru iandike upya DVD nzima, kwa kompyuta kama yangu, huo ni usiku mzima.

DVD ya tarehe 6 ilikubali. Niliondoa matangazo nikabakiza usomaji wa taarifa. Ya tarehe 7 ilionekana tupu kabisa. Kumbe mashine ile ilikuwa ikiandika orodha ya yaliyomo mwishoni, wakati wa kuifunga DVD, na hii haikufungwa. Mjukuu wangu alinitafutia programu inayosoma DVD kipande kwa kipande bila kuhitaji orodha hiyo. Tuliiacha ikasoma tangu magharibi hadi alfajiri, tukaokoa dakika 41. Tukazitazama kwa hamu. Spika Samuel Sitta anaonekana kitini, wabunge wanaingia, shughuli zinaanza. Kisha giza. Waziri Mkuu hajasimama bado.

Nilifungua kasha la DVD ile, nikakuta karatasi ya daftari imekunjwa mara nne. Mwandiko ni wa mke wangu: "Umeme umekatika. Nasikiliza redio ya betri. WM amesema ameandika barua kwa Rais. Wabunge kelele. Mama wa jirani amekuja kusikiliza, tumekaa kimya." Basi. Mjadala uliozaliwa na uhaba wa umeme umekatwa na umeme, na aliyeuokoa ni mwanamke mwenye kalamu na redio.

Mjukuu alisema, "Babu, hotuba hiyo nitaipata kwenye intaneti, tuipachike hapo, hakuna atakayejua." Nilimwambia hilo ndilo tatizo lenyewe. Kwa miaka zaidi ya thelathini niliwafundisha watoto wa watu kwamba ushahidi hauzibwi viraka kimyakimya. Akitaka hotuba aiweke kwenye DVD nyingine, aandike alikoitoa. Katika hii yetu tuliacha sekunde kumi za giza, tukaandika: "Hapa umeme ulikatika." Kisha tukaipiga picha ile karatasi, tukaiweka baada ya giza.

Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa haitaonyesha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja, kwa sababu ya gharama. Siku ile nilizifikiria DVD zetu kabatini, nikajiona tajiri. Sasa najua utajiri ule una kutu. DVD za kurekodia nyumbani huchakaa hata zikiwa kabatini, na mashine za kuzisomea zinazidi kuadimika. Karatasi ya mke wangu haihitaji mashine.

Ndugu msomaji, kama una kanda au DVD za zamani, zinakili kungali mapema. Lakini kwanza keti na daftari, uandike ni nini, ni lini, na nani alikuwa ameshika rimoti.