Deni Lilipogeuza Njia

Kwenye duka la Tiwi Sokoni, Pwani ya Kenya, kando ya mizani, hukaa daftari lililokunjamana: jina, unga pakiti moja, mafuta ya kupima, sabuni kipande. Mwisho wa mwezi deni hulipwa, jina hukatwa. Historia ya rejareja Pwani imo katika swali moja: nani anamkopesha nani?

Zamani alikopesha mwenye duka. Mfano ni mfanyabiashara Allidina Visram, aliyefika Zanzibar mwaka 1863, kijana mdogo kutoka Kutch. Alipofariki mwaka 1916 maduka yake yalikuwa yameenea hadi Uganda. Biashara yake ilififia, daftari likabaki.

Mwaka 1975 serikali ya Kenya ikaanzisha supamaketi za Uchumi. Zikaja rafu, risiti, sare na mshahara wa mwezi. Mteja akalipa taslimu. Lakini deni halikufa, liligeuza njia: sasa supamaketi ndiyo iliyokopa. Msambazaji alileta maziwa leo, akalipwa baada ya miezi, na matawi yakaongezeka kwa pesa ambazo bado zilikuwa za wengine. Juni 2006 Uchumi ikafunga milango. Ikafufuliwa, kisha mwaka 2015 ikajiondoa Uganda na Tanzania.

Supamaketi nyingine, Nakumatt, iliyozaliwa Nakuru kwa biashara ya magodoro, ilivuka matawi 60 katika nchi nne, likiwemo la Diani. Wasambazaji walipochoka kudai, waliacha kuleta. Mfanyakazi wa rafu hahitaji kusomewa hesabu za kampuni: akiambiwa azisogeze pakiti chache mbele ili pengo la nyuma lisionekane, ameshapata habari yake. Januari 2018 Nakumatt ikakabidhiwa msimamizi. Mwaka 2020 wadai wakapiga kura ifungwe, ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30. Supamaketi ya Tuskys ikafuata njia hiyohiyo.

Na mfanyakazi je? Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinampa anayepunguzwa kazi notisi ya angalau mwezi na malipo ya angalau siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumikia. Keshia wa miaka minane anastahili malipo ya angalau siku 120. Lakini kampuni ikishafilisika, naye huwa mdai kati ya wadai, na foleni ni ndefu.

Foleni haipiki ugali. Jioni keshia hurudi Tiwi Sokoni, akaomba aandikwe: unga, pakiti moja. Mabilioni yaliyokopwa Nairobi yamemalizikia kwenye daftari lile lililokunjamana.