Mdahalo na Ngonjera: Ndugu Waliolelewa Nyumba Mbili

Kwenye mahafali ya shule za msingi nchini Tanzania, wanafunzi wawili husimama mbele ya mgeni rasmi na kuanza kurushiana beti za ngonjera. Mmoja hajui kitu na hataki kuambiwa. Mwenzake ni mjuzi mwenye subira. Huyu anakataa, yule anamjibu, mikono inapaa hewani, vina vinagonga palepale. Ubeti wa mwisho unapofika, mkaidi anakiri kosa, wote wawili wanainama na makofi yanalia. Anayesema watoto wetu hawafundishwi kuzungumza hadharani hajaketi kwenye mahafali hayo. Wanafundishwa, tena kwa miaka mingi. Kasoro iko kwingine: shule zetu zilitenga ufasaha na hoja, kila kimoja kikapewa lugha yake na watoto wake.

Havikuzaliwa vimetengana. Pwani ilijua malumbano kabla ya shule za kikoloni. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, aliwatetea Wamazrui, watawala wa mji huo, kwa mashairi, na mahasimu wao hakuwaachia neno bila jibu. Katika desturi ya kujibizana, anayejibu hufuata bahari ya aliyeanza na mara nyingi hata vina vyake, kwa hiyo hana budi kuisikiliza hoja ya mwenzake neno kwa neno kabla ya kuibomoa. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, liliuendeleza mchezo huo kurasani: mtu anauliza kwa shairi, mwingine wa mkoa wa mbali anamjibu kwa shairi.

Mdahalo wa shuleni ulikuja kwa njia nyingine. Shule za bweni kama King's College Budo ya Uganda (1906), Tabora ya Tanganyika na Alliance ya Kenya (1926) ziliiga desturi za Uingereza: mwenyekiti mezani, mada ubaoni, upande wa kuunga mkono na upande wa kupinga, mtunza muda na kengele yake, mwishoni kura. Julius Nyerere, aliyeingia Tabora mwaka 1937, alijijengea jina la mpenda mdahalo tangu huko hadi Makerere. Mfumo huo ulifundisha jambo kubwa, kwamba hoja inaweza kushindwa bila mwenye hoja kudhalilika. Lakini uliendeshwa kwa Kiingereza na uliwafikia wachache. Tanganyika ya miaka ya 1950, mtoto wa shule ya kati, yaani darasa la tano hadi la nane, alikuwa bado anahangaika kuikamata lugha hiyo. Kuitumia kumpinga mtu ilikuwa safari nyingine.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mathias Mnyampala, mshairi Mgogo wa Dodoma, aliikuza ngonjera iwe chombo cha kueneza siasa ya ujamaa. Vitabu viwili vya Ngonjera za Ukuta vilitoka 1970 na 1971, mwenyewe akiwa ameshafariki. Shule zilizipokea kwa mikono miwili: kwa Kiswahili, bila gharama, watoto wengi wakapata ujasiri wa kusimama na kupaza sauti. Ila ngonjera ina umbo la malumbano bila hatari yake. Mshindi anajulikana kabla mtoto hajafungua kinywa, na anayeuliza maswali ndiye mjinga. Hapo inakinzana na maandishi ya Nyerere mwenyewe ya mwaka huohuo wa 1967, Elimu ya Kujitegemea, yaliyotaka shule zilee akili inayodadisi.

Wapo watakaosema kumfundisha mtoto kubishana ni kumvunja adabu. Lakini mdahalo unaoendeshwa vizuri una adabu kali kuliko darasa la kawaida: husemi kabla ya kupewa nafasi, humkatizi mwenzio, unamjibu alichosema na si ukoo wake. Wengine wanahofu kwamba kutetea upande usioamini ni kufunzwa unafiki. Hofu hiyo ina uzito pale ambapo mtoto hupewa upande mmoja tu siku zote. Akitetea maisha ya kijijini leo na ya mjini wiki ijayo, anajifunza kwamba anayempinga naye ana sababu zake. Pingamizi gumu zaidi ni la walimu: darasa lina wanafunzi wengi mno, na mtihani haupimi mdomo. Ni kweli. Kenya na Tanzania, hotuba huandikwa kama insha, mtoto kainamia karatasi kimya, na msahihishaji haisikii hata sentensi moja. Kenya sasa imetaja mawasiliano miongoni mwa stadi kuu za mtaala wa umilisi uliozifikia shule za sekondari ya chini mwaka 2023, ila stadi isiyopimwa kwa kusikilizwa mwalimu mwenye haraka ataiacha nyuma.

Ndiyo maana ngonjera, ambayo darasa kubwa tayari linaiweza, ni mahali pazuri pa kuanzia. Mwalimu awape wanafunzi wawili beti zote isipokuwa za mwisho. Upande wa asiyekubali upewe hoja za kweli, si za kuchekesha. Wakifika pale mkaidi anapopaswa kukiri, wanyamaze, na darasa zima liseme nani kamjibu mwenzake na nani kamkwepa. Mshindi akiwa hajulikani, hata walio nyuma kabisa watalazimika kusikiliza.