Insulini: Dawa Iliyotoka Machinjioni na Paka Wako wa Ghalani

Ndugu mfugaji, nawe mfanyabiashara wa ufuta na korosho, paka anayelinda ghala lako naye huweza kuugua kisukari. Hunywa maji mengi, hukojoa sana, hula sana na bado anakonda. Wengi wakimwona hivyo husema amekula sumu ya panya, wakamwacha afe. Lakini ugonjwa huu una dawa, nayo ni insulini. Masharti yake ni mengi, na kila sharti lina historia yake.

Tuanzie kwetu. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, mji ulikuwa ukiishi kwa biashara ya Bahari ya Hindi. Vyombo vya biashara hiyo vilileta pwani nguo na vyungu, lakini pia panya weusi. Paka wa kufugwa, ambaye asili yake ni Mashariki ya Kati, naye alienea kwa njia za biashara. Tangu zamani, palipo na ghala paka ana kazi.

Sasa tuje kwenye dawa. Mwaka 1889 mjini Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho, na mkojo wake ukawa na sukari. Mwaka 1921 huko Toronto, Canada, Frederick Banting na Charles Best walianza kutafuta dawa ndani ya kongosho za mbwa, kisha za ng'ombe wa machinjioni. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alichomwa dawa hiyo. Sindano ya kwanza haikumfaa. James Collip akaisafisha dawa, na safari ya pili sukari ikashuka.

Kwa miaka 60 hivi, wagonjwa duniani waliishi kwa kongosho za ng'ombe na nguruwe. Insulini inayotengenezwa kwa bakteria iliidhinishwa Marekani mwaka 1982. Na hili huenda hukulijua: insulini ya paka imepishana na ya ng'ombe kwa kijenzi kimoja tu kati ya 51.

Kutokana na historia hiyo, shika haya:

1. Insulini ni protini, kama nyama. Ikinyweshwa humeng'enywa tumboni, ndiyo maana huchomwa chini ya ngozi. Joto la Lindi huiharibu, hivyo ihifadhi kwenye jokofu, isigande. Ikiganda, itupe.

2. Insulini za mwanzo ziliisha nguvu baada ya saa chache. Mwaka 1936 Hans Christian Hagedorn wa Denmark aliichanganya na protamini, protini itokayo kwa samaki, nayo ikadumu zaidi mwilini. Leo paka wengi huchomwa mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12. Usirukeruke saa.

3. Zamani chupa nyingi za binadamu zilikuwa na uniti 40 kwa mililita. Kuanzia miaka ya 1970 nchi zilihamia uniti 100 ili kupunguza makosa, lakini dawa nyingi za wanyama zimebaki na 40. Ukivuta dawa ya 100 kwa bomba la 40, mstari wa uniti 2 unabeba uniti 5. Hiyo inatosha kumuua paka. Soma chupa, soma na bomba.

Kwa hiyo usichukue dawa ya bibi ukamchoma paka kwa kukisia. Utamhatarisha paka, na bibi atapungukiwa na dozi yake. Daktari wa mifugo ndiye apime sukari na kupanga kipimo.

Paka akikataa kula au akitapika, usimchome kabla ya kumuuliza daktari. Akiyumba, akitetemeka au akipata degedege baada ya sindano, sukari imeshuka mno. Mpake asali au maji ya sukari kwenye fizi, usimmiminie kooni, kisha mwahishe kwa daktari.