Neno la Kijana Mbele ya Ofisa Ustawi

Somo letu la leo ni jambo ambalo wazee hulisema kwa hasira na vijana kwa kunong'ona. Ofisa ustawi wa jamii akija nyumbani kumchukua kijana, je, kijana aweza kusema, "Siendi"?

Zamani hakuulizwa. Sheria ya Watoto na Vijana ya mwaka 1937, iliyotungwa na Serikali ya Mwingereza, ilimhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 12 ambaye hajatimiza 16. Hakimu aliweza kumtoa kwao akamweka kwa mlezi mwingine, au katika shule ya maadilisho.

Mlango ulifunguka kidogo mwaka 1971. Sheria ya Ndoa iliagiza kwamba wazazi wakigombea mtoto, mahakama iyafikirie pia matakwa ya mtoto mwenyewe, akiwa na umri wa kutoa maoni yake. (Sheria hiyo hiyo iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa, basi tusiisifu mno.) Mwaka 1991 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto, na mwaka 2009 Bunge likaifuta ile sheria ya Mwingereza na kutunga Sheria ya Mtoto. Hiyo yasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, naye ana haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu.

Lakini tegeni sikio: kusikilizwa si kukataa. Katika kuasiliwa, kijana wa miaka 14 hutakiwa kutoa ridhaa yake. Katika amri ya matunzo, mahakama yaweza kumsikiliza kwa heshima zote, kisha ikaamua kinyume chake.

Hapa kwetu Mara jambo hili si la vitabuni. Nyumba salama ilifunguliwa Mugumu mwaka 2014, na baadaye nyingine huko Butiama. Msichana anayekimbia kukeketwa huenda kwa miguu yake, yeye mwenyewe ameomba. Ugumu huja baadaye. Wazazi huitwa, huahidi kwa maandishi kwamba hawatamkeketa, na msichana huambiwa sasa aweza kurudi. Akisema, "Siwaamini," neno hilo lipewe uzito kuliko karatasi, kwa maana yeye ndiye anayeijua nyumba ile. Yuko na mwingine, asiyetaka kutengwa na mama yake ingawa ngariba amekwisha kuitwa. Huyo, kwa maoni yangu, achukuliwe. Lakini aelezwe sababu, na maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema.

Akitimiza miaka 18, hakuna ofisa awezaye kumchukua kwa Sheria ya Mtoto. Hapo aweza kukataa. Ila sheria ya mwaka 1998 inayoadhibu ukeketaji imemtaja msichana aliye chini ya miaka 18 tu, hivyo siku ile ile kinga hiyo nayo humwondokea.