Taswira ya Mwanamke wa Ukambani katika Picha na Sanaa, 1849–1920

Juu ya mwamba wa Nzaui, katika Makueni, zipo alama zinazofanana na nyayo za watu na kwato za ng'ombe. Masimulizi ya Wakamba husema kuwa hapo ndipo Mulungu alipowaweka mume na mke wa kwanza pamoja na mifugo yao. Upande wa Kitui uko mwamba wa Nzambani, ambao husemwa kwamba anayeuzunguka mara saba hugeuka, mwanamume akawa mwanamke na mwanamke akawa mwanamume. Katika miamba yote miwili mwanamke yumo ndani ya hadithi, lakini hana sura. Hali hiyo yalingana na sanaa ya mikono ya Wakamba wa karne ya 19. Viti vya wazee vilivyotiwa nakshi ya waya, vibuyu vilivyochorwa, na minyororo myembamba ya wahunzi vilisifiwa mbali, ila uchongaji wa sura ya mtu haukuwa na nafasi kubwa. Kwa hiyo mtafiti anayetaka kumwona mwanamke wa Kitui au Makueni wa zama hizo hulazimika kuanza na kazi za wageni, na hapo ndipo matatizo yanapoanza.

J. L. Krapf alifika Kitui mwaka 1849 akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu, akarudi tena mwaka 1851. J. M. Hildebrandt alifuata mwaka 1877, na Joseph Thomson alipita Ukambani mwaka 1884 akirejea pwani. Mwishoni mwa karne reli ilikatiza Kibwezi na Makindu, na kamera ikaja pamoja na abiria. Mwaka 1910 kilitoka kitabu cha C. W. Hobley, ofisa wa serikali ya kikoloni, juu ya Wakamba. Gerhard Lindblom, Mswidi, alifanya utafiti Ukambani mwaka 1911 na 1912, na kazi yake ikatoka mwaka 1916, kisha kwa upana zaidi mwaka 1920. Kati ya hao wote Lindblom ndiye wa kutegemewa zaidi, kwa sababu alijitaabisha kujifunza Kikamba. Lakini hata yeye alikuwa mtu wa zama zake.

Picha za wakati huo zina desturi moja. Mwanamke husimamishwa wima, amtazame mpiga picha, na maneno yaliyo chini yake aghalabu hutaja kabila, jinsia, na pengine pambo alilovaa. Kusudi lilikuwa kumpata mfano wa kabila, wala si mtu fulani. Hata hivyo mapambo yenyewe yasemavyo ni zaidi ya alivyodhani mpiga picha. Ushanga na nyaya nene za shaba, ambazo misafara iliziita masango, zilipanda bara kutoka Mombasa zikibadilishwa kwa pembe, na wahunzi wa Ukambani wakazivuta ziwe nyembamba na kuzifuma minyororo. Shingo na mikono ya mwanamke ilikuwa, kwa namna fulani, daftari la biashara ya nyumba yake. Anayezitazama picha za mwanzo wa karne ya 20 akumbuke pia kwamba nchi ilikuwa imetoka katika njaa kuu ya miaka ya mwisho wa karne ya 19, ambayo Wakamba waliiita Ngomanisye. Mwanamke mzima aliyepigwa picha mwaka 1910 alikuwa ameipita njaa ile. Hakuna pambo linaloonyesha jambo hilo.

Jina lake lingeweza kuonyesha mengi. Kwa desturi ya Wakamba jina hubeba habari za kuzaliwa: Mumbua huzaliwa wakati wa mvua, Nzilani huzaliwa njiani, Mwende ni mpendwa. Kuandika "mwanamke wa Kikamba" mahali pa Nzilani ni kufuta safari ya mama yake. Hasara hiyo si ya adabu tu, bali ni ya historia, kwa kuwa jina lingempa mtafiti tukio la kuanzia.

Maneno nayo yaliwatatiza wageni. Mwanamke aliyeolewa huitwa kiveti, wingi iveti, na msomaji mwenye haraka angeweza kudhani kuwa kiambishi ki- kinamshusha awe kitu. Hoja hiyo haina nguvu zaidi kuliko kudai kwamba Waswahili humdharau kiongozi. Jambo la kuchekesha zaidi ni neno mutumia: kwa Wakikuyu ni mwanamke aliyeolewa, na kwa majirani zao Wakamba ni mzee wa kiume. Ofisa aliyehamishwa kutoka wilaya moja hadi nyingine bila kubadili kamusi alikuwa hatarini.

Kwa upande mwingine wako wanawake ambao majina yao yalidumu. Syokimau, mtabiri, hukumbukwa kwa kuona mapema nyoka mrefu atemaye moto, ambaye baadaye watu walimtambua kuwa garimoshi. Mwaka 1911 Siotune wa Kathuke alianzisha mwendo wa kidini uliotumia ngoma ya kilumi, nao ukaitia serikali hofu. Siotune aliingia katika kumbukumbu za utawala kwa sababu alisumbua. Mwanamke aliyetulia mbele ya kamera hakuulizwa jina.

Badiliko la uchongaji lilikuja kwa njia ya vita. Mutisya wa Munge wa Wamunyu, Machakos, alikwenda Tanganyika katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na inasimuliwa kwamba huko alijifunza kwa Wazaramo kuchonga sura za watu. Inafaa kukumbuka kuwa kinyago mashuhuri cha Wazaramo ni mwana hiti, umbo la kike lisilo na mikono, ambalo mwali hukaa nalo anapotawishwa. Uchongaji uliofika Ukambani ulitoka basi kwa watu ambao kwao umbo la mwanamke lilikuwa na kazi ya malezi. Kazi hiyo haikusafiri. Vinyago vya Wamunyu vilichongwa vikauzwe kwa wageni, na mwanamke aliyemo humo akawa tena mtu asiye na jina.

Lakini sanaa ya Ukambani haikuwa ya wanaume peke yao. Kusuka vyondo na kufinyanga vyungu ni kazi za wanawake. Mulungu huitwa pia Mumbi, jina ambalo John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, amelieleza katika maandishi yake: latokana na kitenzi cha kuumba, kile kile kinachotumika kwa mfinyanzi na udongo wake. Mfinyanzi wa Ukambani, kabla ya kukichoma chungu, hukichora shingoni alama yake mwenyewe, mistari au vitone vichache, ambayo kwayo wanunuzi na wafinyanzi wenzake huitambua kazi ya mkono wake. Vyungu vya namna hiyo vimehifadhiwa, na alama zake bado zasomeka.