Kilimambogo: Mlima wa nyati na njia yenye wapandaji wachache

KUTOKA Gatuanyaga, mashariki mwa mji wa Thika, Mlima Kilimambogo huonekana waziwazi ng'ambo ya Mto Athi, ukiwa umesimama peke yake juu ya nyanda.

Licha ya ukaribu huo, aghalabu watu wanaoshika barabara ya Thika kuelekea Garissa kwa matembezi huishia kwenye maporomoko ya maji ya Fourteen Falls. Njia ya kileleni haina msongamano wa wapandaji kama ule wa Longonot, na upweke huo ndio unaomlazimu kila mpandaji kujua anakoingia.

Kilele kipo mita 2,145 juu ya usawa wa bahari. Mlima umo ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Ol Donyo Sabuk, Kaunti ya Machakos, iliyotengwa mwaka wa 1967 na ambayo husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Mbuga hiyo ni ndogo, takribani kilomita 20 mraba, na karibu yote ni mlima uliofunikwa na msitu.

Majina ya mlima

Ol Donyo Sabuk ni jina la Kimaasai lenye maana ya mlima mkubwa. Kilimambogo ni kilima cha mbogo, yaani nyati.

Wakikuyu nao waliuita Kea-Njahe, mlima wa mvua kubwa. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka wa 1938, aliutaja pamoja na milima mingine midogo inayohusishwa na Ngai, ambaye makao yake makuu ni Kirinyaga. Waama, mlima huu ulikuwa mahali pa kicho kabla ya kuwa mahali pa matembezi.

Safari ya kileleni

Kutoka lango kuu, barabara ya udongo hupanda ikizungukazunguka msituni kwa takribani kilomita 9 hadi juu. Kwa mwendo wa wastani, kupanda huchukua muda wa saa tatu hivi.

Karibu na kilomita ya saba yapo makaburi ya William Northrup McMillan, mlowezi tajiri mzaliwa wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1925, na mkewe Lucie. Ni McMillan huyo aliyempokea Theodore Roosevelt katika shamba lake la Juja mwaka wa 1909, na ambaye jina lake limo katika maktaba iliyofunguliwa jijini Nairobi mwaka wa 1931. Inasimuliwa kwamba alitaka kuzikwa kileleni, lakini waliobeba mwili wake walishindwa na mteremko.

Msitu unapoachana na kilele, anga ikiwa safi, Mlima Kenya huonekana upande wa kaskazini.

Hatari ya nyati

Mbali na nyati, msituni mna mbega, kima, nyani, pongo na chui. Hata hivyo, nyati ndiye wa kuogopwa zaidi na anayetembea kwa miguu.

Mnyama huyo hula majani asubuhi na jioni, kisha hujificha vichakani jua linapokuwa kali. Madume wazee hujitenga na kundi, na mmoja wao akishtuliwa karibu anaweza kushambulia badala ya kukimbia.

Fauka ya hayo, nyati hutengeneza vijia vyake. Mahali ambapo watu hupita mara chache, kijia kilichokanyagwa vyema na kinachoonekana kama njia ya mkato huenda kikamfikisha mgeni moja kwa moja kwenye kichaka anamolala mnyama. Kwa sababu hiyo, mpandaji hapaswi kuiacha barabara wala kwenda bila askari wa KWS mwenye silaha. Askari huyo huweza kutambua kinyesi kibichi na alama mpya za kwato kabla ya hatari kukaribia.

Nyati akionekana, inafaa kunyamaza na kurudi nyuma taratibu. Akishambulia, mti ulio karibu ni kimbilio bora kuliko mbio.

Maandalizi

Ada ya kuingia hulipwa kupitia mtandao wa eCitizen, na ni vyema kuomba askari mapema. Anayeanza kupanda saa moja asubuhi hupata nafasi ya kupumzika juu na kurejea langoni kabla ya giza.

Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Oktoba hadi Desemba, huifanya barabara kuteleza. Viatu imara, maji ya kutosha na koti la mvua ni vitu vya lazima. Aidha, watu wa nyumbani wafahamishwe saa inayotarajiwa ya kurejea, kwani kwenye njia yenye wapitaji wachache, aliyeumia anaweza kukaa muda mrefu kabla ya kupatikana.